Kinubi cha Daudi, Gitaa la Burma na Deni la Kwaya Yetu

Masomo ya kusindikiza tafakari: 1Sam 16:14-23, 2Sam 1:17-27, 2Sam 11:1-17, Flp 2:5-11



Vijana wenzangu wapendwa, tafakari ya leo inaanza na kosa langu mwenyewe, kwa hiyo mnivumilie.

Nawaandikia kutoka Igawa, hapa barabara kuu inapovuka Mto Mbarali, malori ya Tunduma yakipita usiku kucha. Nimemaliza falsafa, sasa nipo kwenye mwaka wa uchungaji, na moja ya kazi nilizopewa ni kuwalea vijana wa kwaya. Ni kazi tamu, siwadanganyi. Sauti zipo, kinanda kipo, na vijana wenyewe wana moto.

Kwenye jumuiya yetu alikuwepo mzee mmoja aliyepigana Vita vya Kagera. Aliingia Uganda akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akarudi na mguu uliokuwa unamsumbua kila baridi ikianza. Jumapili alikaa benchi la karibu na kwaya. Misa ikiisha ananishika mkono, ananiambia, "Frateri, leo besi zimelala." Na kweli, zilikuwa zimelala.

Baadaye akaugua, akashindwa kuja kanisani. Ijumaa moja akamtuma mjukuu wake: babu anaomba vijana waje kesho wamwimbie nyimbo mbili tatu. Sasa, hiyo kesho ndiyo ilikuwa siku yetu ya kurekodi video kando ya mto. Sare tumeshashona, mpiga picha anatoka Mbeya mjini na nusu ya hela yake tumeshamlipa. Nikamjibu yule mtoto, tena huku naangalia simu: "Mwambie babu tutakuja wiki ijayo."

Jumatano akafariki.

Mazishini tuliimba, jamani. Sauti nne zimepangika, sare zinang'aa, simu zimeinuliwa juu kila upande. Baada ya mashada, mjane wake akaja kunishukuru. Akasema, "Mmeimba vizuri, baba. Angefurahi kusikia." Hakusema kwa kunisuta, yule bibi hana maneno ya kusuta mtu. Alisema tu kilicho kweli, na ndiyo maana mpaka leo hayajanitoka.

Tangu siku hiyo najiuliza swali moja: kipaji ambacho Mungu amempa mtu ni cha nani, na kinatakiwa kiwe wapi wakati watu wanaumia? Kwa kuwa mzee wetu alikuwa askari, nikaanza kutafuta habari za wanamuziki na wasanii waliowahi kuvaa gwanda wakati wa vita. Wapo wengi kuliko nilivyodhani. Na mmoja wao wa zamani kabisa yumo kwenye Biblia.

MPIGA KINUBI ALIYEBEBA SILAHA

Ukimuuliza mtoto wa katekesi Daudi aliingiaje ikulu, atakwambia kwa kombeo na jiwe la Goliathi. Lakini fungua Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 16. Daudi anafika kwa Sauli kama mwanamuziki. Mfalme anasumbuliwa na roho mbaya, hana raha mchana wala usiku. Watumishi wanashauriana atafutwe mtu anayejua kinubi. Analetwa kijana mchungaji kutoka Bethlehemu. Sauli anampenda, na papo hapo anamfanya mbeba silaha wake. Yaani mtu yuleyule anabeba kinubi na anabeba silaha za mfalme.

Hebu tuangalie hadhira yake. Ni mtu mmoja, mgonjwa, tena mwenye hasira, ambaye baadaye atamrushia mkuki akiwa katikati ya kupiga. Hakuna jukwaa, hakuna makofi. Kuna chumba cha mgonjwa na kijana anayepiga nyuzi mpaka mgonjwa apate nafuu.

Halafu linganisha na sura ya 18. Daudi anarudi vitani, wanawake wanatoka na matari, wanaimba wimbo wa kumsifu kwamba amemzidi Sauli mara kumi. Kwa lugha yetu ya leo, huo ndio wimbo wake wa kwanza kutamba, na mwenyewe hata hakuutunga. Matokeo yake ni nini? Wivu. Kuanzia siku hiyo Sauli anamtazama kwa jicho baya. Nyimbo mbili katika nyumba moja: ule wa kumhudumia mgonjwa ulileta utulivu, ule wa kumpandisha mtu jina ulileta mkuki. Sisemi sifa ni dhambi. Nasema tujue kila moja inazaa nini.

KUTOKA PWANI MPAKA BURMA

Sasa tuje kwetu Afrika Mashariki. Babu zenu wa muziki wa dansi wanamjua Fundi Konde. Alizaliwa mwaka 1924 kwa Wagiriama, pwani ya Kenya. Alipiga klarineti na gitaa. Mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ikiwa imepamba moto, aliingia jeshi la King's African Rifles, lile wazee wetu waliloliita KAR au Keya, akawekwa kwenye kikosi cha burudani. Akasafiri na jeshi mpaka Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, akafika India na Burma.

Ili tuelewe hiyo safari ilimaanisha nini, tukumbuke jambo moja. Februari 12, 1944, meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hiyo ndiyo bahari waliyoivuka vijana wetu mwaka ule, mwenye bunduki na mwenye gitaa.

Na waliofika salama walikutana na kitu kingine. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika masika ya 1944: matope ya kufika magotini, malaria, na adui aliyejificha msituni. Desemba wakavuka Mto Chindwin. Humo walikuwemo Watanganyika, Wakenya, Wanyasa, Waganda. Wengine walitoka nyanda hizi hizi zetu za juu, na hawakuwa wanajua hata hiyo Burma ipo upande gani wa dunia.

Mtu anaweza kuuliza: katika hali hiyo, mpiga gitaa anasaidia nini? Gitaa halifungi jeraha. Mtakatifu Thomas wa Akwino anajibu vizuri. Katika Summa Theologiae, anapozungumzia michezo na burudani, anasema roho ya mtu huchoka kama mwili unavyochoka, na inahitaji kupumzishwa. Kwa hiyo kazi ya waigizaji na watumbuizaji kwa yenyewe si dhambi, kwa sababu inaleta faraja kwa watu, ilimradi ifanyike kwa kiasi na bila maneno wala matendo machafu. Aliandika hivyo katika karne ya 13, wakati wengi waliwadharau watu wa kazi hiyo. Tena alikuwa mtawa na mwanateolojia, hakuwa meneja wa msanii yeyote.

Mzee wetu hakusoma Thomas wa Akwino, lakini alijua hilo kwa mwili wake. Aliwahi kunisimulia kwamba kwenye kombania yao kulikuwa na kijana mmoja mwenye sauti, na usiku wa kuamkia kusonga mbele walimwomba aimbe, taratibu, wasisikike mbali. "Jina lake limenitoka," aliniambia, "ila wimbo ninao." Sasa mnaelewa kwa nini alipoona siku zake zinaisha alituma mjukuu kwa kwaya. Alikuwa anatuomba kile alichopewa kule na mwenzake. Na mimi nikamwambia wiki ijayo.

Fundi Konde alirudi salama. Akarekodi nyimbo kama "Majengo Siendi Tena", akawa miongoni mwa watu wa kwanza Afrika Mashariki kusikika kwenye sahani na gitaa la umeme. Alifariki mwaka 2000.

Dar es Salaam nako yupo Ally Sykes, ambaye pamoja na kaka yake Abdulwahid walikuwa askari wa KAR huko Burma. Baada ya vita Ally alikuwa mtu wa muziki wa dansi. Lakini hakuishia kwenye dansi. TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954, ndugu hao wawili walikuwemo. Kadi namba moja ni ya Mwalimu Nyerere. Namba mbili ni ya Ally Sykes. Walikuwa Waislamu, na tunawaheshimu kama wazee wa taifa letu sote. Ninachojifunza kwao ni kwamba mtu wa burudani aliyeona wenzake wakifa chini ya bendera ya watu wengine alirudi nyumbani na swali moyoni, na swali lile alilifanyia kazi.

Na kabla yao kulikuwa na Vita Kuu ya Kwanza, iliyopita hapa hapa kwetu. Julai 1916 Waingereza na Wajerumani walipigana Malangali, upande wa Mufindi, na mwezi uliofuata Iringa ikachukuliwa. Wapagazi walikufa kwa maelfu kwa njaa na magonjwa, wakibeba mizigo ya vita isiyowahusu. Askari na wapagazi haohao ndio waliosambaza ngoma ya beni sehemu nyingi za nchi, ngoma yenye gwaride, sare na vyeo, na vyama vyake vya Marini na Arinoti vikishindana. Watu walichukua mwendo wa jeshi lililowatesa wakaugeuza kuwa dansi. Sijui kama kuna namna nzuri zaidi ya maskini kukataa kuvunjwa moyo.

WALIOVUA MAJINA

Wapo pia waliokuwa na jina kubwa tayari, wakalivua. Mwigizaji James Stewart wa Marekani alipata tuzo ya Oscar mwezi Februari 1941. Mwezi uliofuata akaingia jeshini kama askari wa kawaida, kwa mshahara wa dola 21 kwa mwezi. Mwanzoni walikuwa wamemkataa kwa sababu amekonda mno, ikabidi ale ili afikishe uzito! Angeweza kuzungushwa kwenye mikutano ya hamasa akipiga picha na magwanda. Yeye akaomba kurusha ndege, akaongoza safari 20 za mabomu juu ya Ulaya.

Glenn Miller alikuwa na bendi iliyokuwa ikitamba kuliko karibu zote Marekani. Mwaka 1942, akiwa na miaka 38, akaivunja na kuingia jeshini, akaunda bendi ya wanajeshi na kuwapigia askari Uingereza. Desemba 15, 1944 alipanda ndege ndogo kwenda Paris kuandaa mapokezi ya bendi yake. Ndege ile haikufika, na mpaka leo haijapatikana.

Ninaposoma habari hizi, nakumbuka ule utenzi wa Mtume Paulo kwa Wafilipi, sura ya pili. Kristo alikuwa na hali ya Mungu, lakini hakuing'ang'ania. Alijishusha, akatwaa hali ya mtumishi, akatii mpaka msalaba. Sisemi James Stewart ni Kristo, msije mkaniandikia barua! Nasema kujishusha kuna umbo linalotambulika. Mtu mwenye jina anapanga foleni ya chakula na wasio na jina, anaitwa kwa namba kama wao, anapata tope kama wao. Hapo ndipo unajua kama lile jina alikuwa analimiliki, au lilikuwa linammiliki yeye.

Swali langu kwako, kijana mwenye wafuasi elfu kumi mtandaoni, au wewe soloisti ambaye bila wewe wimbo hauanzi: unaweza kulivua?

TUSIIPENDE VITA

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu habari za askari mashujaa zinaweza kutulewesha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 79, unawatazama wanajeshi wanaolitumikia taifa lao kwa uaminifu kuwa ni watumishi wa usalama na uhuru wa watu. Lakini hati hiyohiyo inailaani vita ya kuangamiza miji na watu wake ovyo. Na Daudi mwenyewe, pamoja na zaburi zote zile, alipotaka kumjengea Mungu hekalu alikataliwa, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imemwaga damu nyingi. Limeandikwa hilo katika Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 22. Mungu alimpenda mpiga kinubi, lakini hakujifanya haoni damu.

Na msanii anaweza kwenda na kipaji chake upande wa kifo. Jirani zetu wa Rwanda wanalijua hilo. Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki maarufu sana kwao. Desemba 2008 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha, hapa hapa Tanzania, ilimhukumu kifungo cha miaka 15 kwa kuchochea mauaji ya kimbari. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti akiwa kwenye gari, Juni 1994, akiwahimiza watu kuua Watutsi. Sauti iliyokuwa ikiwafurahisha watu ndiyo iliyowaelekeza kwenye damu. Watu walimsikiliza kwa sababu walishazoea kumpenda.

Kwa hiyo tusiseme tu "nina kipaji". Darasani tulifundishwa kuuliza kila kitu: kwa ajili gani? Shetani naye anahitaji watu wenye sauti nzuri.

Ndiyo maana naupenda sana ule wimbo wa Daudi katika sura ya kwanza ya Kitabu cha Pili cha Samweli. Sauli ameuawa vitani. Sauli yule yule wa mkuki, aliyemwinda Daudi jangwani kama swala. Daudi angeweza kutunga wimbo wa ushindi, na watu wangeucheza. Badala yake alitunga wimbo wa kilio, akamlilia Sauli pamoja na rafiki yake Yonathani, akaagiza watu wa Yuda wafundishwe wimbo huo. Mwanamuziki aliyemlilia adui yake, akaufanya msiba wa mtu mmoja kuwa kilio cha taifa! Watanzania tunajua kitu kama hicho. Mwalimu alipofariki Oktoba 14, 1999, sauti iliyotusaidia kulia ilikuwa ya Kapteni John Komba, aliyewahi kuwa mwanajeshi wa JWTZ, mtu wa Ruvuma, kule Ziwa Nyasa. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa, lakini waulizeni wazazi wenu wawaambie siku zile redioni zilikuwaje.

DAUDI ALIPOBAKI DARINI

Sasa tufike mahali panaponiuma zaidi. Kitabu cha Pili cha Samweli sura ya 11 kinaanza kwa maelezo mafupi ambayo nilikuwa nayaruka kila mara. Ni msimu ambao wafalme hutoka kwenda vitani. Yoabu ametumwa, jeshi lote limekwenda. Daudi amebaki Yerusalemu.

Yule mbeba silaha, aliyekuwa wa kwanza kutoka, sasa anatuma wengine. Jioni anaamka kitandani, anatembea juu ya dari ya ikulu, anamwona mke wa Uria akioga. Mnajua kilichofuata: uzinzi, uongo, halafu Uria anarudishwa mstari wa mbele akiwa amebeba barua ya kifo chake mwenyewe. Askari mwaminifu alikataa kulala nyumbani kwake wakati wenzake wako kambini. Mfalme mwenye kinubi alilala vizuri.

Nadhani anguko lilianza kabla ya macho. Lilianza pale Daudi alipojiona ameshafika, kwamba mateso ya mstari wa mbele ni ya wengine, na yeye ni wa darini. Kutoka darini unawaona watu wote, lakini hakuna anayekushika mkono kukwambia besi zimelala.

Vijana, na mimi nilikuwa darini ile Ijumaa. Kwetu dari ilikuwa ni ile video. Tulikuwa tunamwimbia Mungu, maneno yote matakatifu, na mzee wetu amelala mwendo wa dakika kumi kutoka pale mtoni, anasubiri.

MWIMBAJI WA ASSIZI

Lakini Mungu hafungi kitabu kwenye sura ya 11. Naomba nimlete askari mmoja wa mwisho. Mtakatifu Fransisko wa Assizi, kabla ya kuwa mtakatifu, alikuwa kijana wa starehe, mpenda nyimbo, kiongozi wa makundi ya sherehe mjini kwao. Mwaka 1202 alikwenda vitani dhidi ya mji wa Perugia. Assizi walishindwa pale Collestrada, naye akakaa kifungoni karibu mwaka mzima. Wanaosimulia maisha yake wanasema kule gerezani alikuwa mchangamfu mpaka wenzake wakamshangaa. Na kulikuwa na mfungwa mmoja mwenye kiburi, hakuna aliyemvumilia. Wote walimtenga. Fransisko alimvumilia, akakaa naye, mpaka akawapatanisha.

Miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa, haoni vizuri, anakaribia kufa, akasikia askofu na mkuu wa mji wa Assizi wamegombana vibaya. Hakuandika waraka. Aliongeza ubeti wa msamaha kwenye ule Utenzi wake wa Viumbe, akawatuma ndugu zake wakauimbe mbele ya hao wakubwa wawili. Wakauimba. Na wale wawili wakasameheana palepale. Fransisko alikufa Oktoba 1226.

Anzeni kuhesabu: mfungwa mmoja mwenye kiburi, wakubwa wawili wenye hasira. Daudi naye alianza na mgonjwa mmoja. Mungu hadharau umati, lakini mara nyingi anatupima kwa mtu mmoja.

SASA TUFANYE NINI?

Baada ya mazishi yale nilikaa na vijana nikawaambia ukweli: aliyesema wiki ijayo ni mimi, si ninyi. Wakanyamaza. Kisha binti mmoja wa sauti ya pili akasema, "Frateri, kwani lazima kinanda?"

Kwa hiyo sasa kila Jumamosi jioni tunakwenda nyumba moja. Mgonjwa, mzee, mama aliyejifungua, kijana aliyepata ajali ya bodaboda. Hatubebi kinanda. Sare hatuvai. Simu zinabaki kwenye kikapu pale mlangoni, na hilo ndilo lililoleta kelele kuliko yote! Tunaimba nyimbo mbili tatu, tunasali kumi moja la rozari, tunaondoka. Siku nyingine besi zinalala. Hakuna anayejua isipokuwa mwenye nyumba na Mungu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya yule bibi. Niliogopa kwenda, nakiri. Tulipomaliza, akaingia ndani, akarudi na koti la zamani la mumewe, akaliweka kwenye kiti kilichokuwa kitupu, akasema, "Haya, sasa rudieni ule wa pili." Tukarudia. Deni halijalipika, na sidhani kama litalipika. Lakini bibi alikuwa anaimba pamoja nasi.

Kijana mwenzangu, pengine hutaitwa kwenye vita yoyote, na tuombe isitokee. Lakini mstari wa mbele upo, na haupo mbali. Upo chumba cha tatu kutoka kwako. Kama unaimba, kama unaigiza, kama unachekesha watu, kama unapiga gitaa, ujue kuna mtu mmoja anayeumia ambaye Mungu ameshamtuma mjukuu kwako. Usimjibu wiki ijayo.

MASWALI YA KUJICHUNGUZA

1. Kipaji changu ni kipi, na mara ya mwisho kilimfikia mtu asiyeweza kunisifu ni lini?
2. Dari yangu ni ipi? Ni kitu gani kizuri ninachokitumia kama sababu ya kutokwenda?
3. Je, nimewahi kutumia sauti yangu, utani wangu au ukurasa wangu kuwafanya watu wamchukie mtu au kabila fulani? Nitalipelekaje hilo kwenye Sakramenti ya Kitubio?
4. Nani anasubiri Jumamosi hii?

TUSALI

Ee Bwana Yesu, uliyeacha utukufu ukakaa nasi kama mtumishi, utuokoe na tamaa ya kuonekana. Utupe moyo wa Daudi mbele ya mgonjwa, na machozi ya Daudi baada ya dhambi. Uwapokee askari wote waliokufa Burma, Kagera na kila mahali, na wale waliowaimbia usiku. Umpokee mzee wetu. Uwape amani majirani zetu wanaoishi vitani hata leo. Na sauti ulizotupa, uzitume wewe mwenyewe unakotaka. Amina.

Mtakatifu Fransisko wa Assizi, utuombee.

Ni mimi frateri wenu, kutoka Igawa. Tuombeane.